Simba Anatoka Vizuri, Mdiria Anatoka Ukungu

Anayeanza kupiga picha za porini huwa na swali moja kabla ya yote: niweke setingi gani? Swali hilo halina jibu moja, na anayekujibu haraka kwa namba tatu anakupoteza. Mtu yuleyule, kwa kamera ileile, asubuhi moja katika bonde la Ngorongoro, atampiga simba mpaka sharubu zake zihesabike, kisha amgeukie mdiria aliyetua kwenye tete na kuambulia doa la bluu lisilo na jicho wala mdomo. Kamera haina kosa. Simba na mdiria ni kazi mbili tofauti, kama mtu anavyoweza kuwa fundi hodari wa makabati na asijue kuchonga mtumbwi.

Mimi nalielewa jambo hili hivi: kila kitu cha asili unachotaka kukipiga picha kinakunyima kitu fulani. Ndege anakunyima ukaribu na muda. Kima wa msituni anakunyima mwanga. Mdudu anakubali umsogelee, halafu anakunyima kitu ambacho wengi hawajui kwamba kipo, nacho ni kina. Ukishajua unanyimwa nini, setingi karibu zinajipanga zenyewe. Usipojua, utanunua lenzi ya mamilioni na bado utanyimwa vilevile.

Tuanze na mwanga, maana ndio unaolipia vingine vyote. Kamera ina njia tatu za kuuamua. Ya kwanza ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa herufi f: f/2.8 ni tundu kubwa, f/16 ni tundu dogo, na ugeni wa hesabu hiyo ya kinyumenyume humsumbua kila mtu mwanzoni. Ya pili ni shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Ya tatu ni ISO, inayoamua kamera iukuze kiasi gani mwanga iliopata. Ukiipandisha mno, picha inajaa chenga. Kila hatua katika hizo tatu ama inazidisha mwanga mara mbili au inaukata nusu. Ukiongeza huku lazima upunguze kule.

Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kipimo cha kichwani ambacho bado kinafaa: juani kabisa, ukiweka f/16 na ISO 100, shata huwa takriban 1/100 ya sekunde. Fungua tundu hadi f/8 na mwanga unaongezeka mara nne, hivyo shata inaweza kwenda 1/400. Pandisha ISO hadi 400 na unafika 1/1600. Kasi hiyo inatosha kuwagandisha ndege wengi wanaoruka. Kwa hiyo juani, kwenye mbuga ya wazi, hesabu zinakubali bila jasho.

Sasa ingia msitu wa Jozani, Unguja, uwatafute kima punju. Chini ya miti iliyofungamana ya msitu wa kitropiki mwanga unaofika ardhini mara nyingi ni asilimia moja au mbili tu ya ule wa nje. Hiyo ni hasara ya hatua sita hivi. Ukifungua tundu kutoka f/8 hadi f/2.8 umerudisha hatua tatu. Hizo tatu zilizobaki utazitoa wapi? Ama ISO ipande kutoka 400 hadi 3200 na uvumilie chenga, ama shata ishuke kutoka 1/1600 hadi 1/200 na uombe kima asiruke. Mtu asiyejua hesabu hii hurudi nyumbani akilaumu kamera, kumbe macho yake yalimdanganya: jicho la binadamu huzoea giza haraka kiasi kwamba msitu unaonekana una mwanga tele.

Ushauri wangu kwa msituni ni kuacha kukimbizana na kima anayeruka. Kima punju hutulia sana wakila majani na wakichambuana manyoya, na katika utulivu huo shata ya 1/200, hata 1/125, inatosha. Chenga kidogo si aibu. Picha iliyotikisika ndiyo haiponi.

Turudi kwa mdiria. Yule mdogo mwenye rangi kali, ambaye hukaa kwenye matete kando ya maji, ana urefu wa sentimita 13 hivi. Mweke umbali wa mita 20 na umpige kwa lenzi ya milimita 400. Ndani ya kamera, taswira yake itakuwa na urefu wa milimita 2.6 tu juu ya kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, chenye kimo cha milimita 24. Kwa maneno mengine, mdiria anajaza sehemu moja ya tisa au ya kumi ya kimo cha picha, na kilichobaki chote ni matete. Simba mwenye karibu mita mbili za mwili, kwa umbali uleule na lenzi ileile, hatoshi hata kwenye fremu. Hilo ndilo fumbo la kichwa cha makala hii, na halina uchawi wowote ndani yake.

Basi ukaribu unapatikanaje? Lenzi ndefu inasaidia, ila inakuza kila kitu, pamoja na mtetemeko wa mikono yako. Kanuni ya zamani ni kwamba shata isiwe polepole kuliko urefu wa lenzi: milimita 400, basi angalau 1/400. Waongozaji wa Arusha hubeba mfuko uliojazwa maharage au mchele, wakaulaza dirishani na kulaza lenzi juu yake, na gari likazimwa kabisa. Mfuko huo ni wa bei ya mboga na unafanya kazi kuliko vitu vingi vinavyouzwa madukani. Njia nyingine ni tabia ya ndege mwenyewe. Mdiria huwindia kwenye vituo vyake. Akichupa majini na kupata samaki, mara nyingi hurudi kwenye tete lilelile. Anayemfukuza kila anapohama hampati kamwe, na anayekaa karibu na kituo bila kutikisika ndiye hupiga.

Kujificha kuna historia ya kuchekesha. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha za ndege viotoni, na ili wasogelee walijificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa ikasimama kama mnyama hai. Cherry baadaye, mwaka 1909, alifika Afrika Mashariki kupiga picha za wanyama wakubwa. Leo Serengeti hatuhitaji ngozi ya ng'ombe kwa sababu gari lenyewe ndiyo ngozi: wanyama wamezaliwa wakiliona na hawalihesabu kuwa mtu. Ukishuka garini tu, hesabu inabadilika papo hapo, mbali na kwamba kanuni za hifadhi haziruhusu.

Kuna adui mwingine wa lenzi ndefu ambaye hatajwi vya kutosha katika maelekezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi. Kuanzia kama saa nne asubuhi ardhi ya mbuga huanza kuchemka, na hewa iliyo juu yake hutetemeka. Mazigazi hayo hukaa kati yako na duma aliye mita 150 mbele, na hakuna lenzi wala programu ya kompyuta inayoyaondoa. Picha itatoka laini, kana kwamba hukulenga sawasawa. Dawa yake ni kusogea, au kungoja.

Vilevile kuhusu mwanga wa dhahabu wa asubuhi. Vitabu vya Ulaya huuzungumzia kana kwamba ni wa kunywea chai, kwa kuwa huko jua la kiangazi huchomoza likilala upande na kukawia chini. Kwetu karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, ikigonga saa moja na nusu rangi ya dhahabu imekwisha na mwanga umekuwa mweupe. Ndiyo maana madereva wazoefu wanataka mtoke kambini gizani.

Jambo linalowakanganya wengi kuliko yote ni weusi na weupe. Kamera inapopima mwanga haijui inaangalia nini. Imetengenezwa kudhani kwamba, ukichanganya vyote, dunia ni ya kijivu cha wastani. Jaza fremu kwa nyati na kamera itasema "hapa giza", iongeze mwanga, na nyati wako awe wa kijivu. Jaza fremu kwa yangeyange na itasema "hapa pamezidi", ipunguze, na yangeyange awe mchafu. Sasa mpige yangeyange akiwa amesimama juu ya mgongo wa nyati, jambo la kila siku mbugani. Huwezi kuwapa wote wawili wanachotaka. Mimi nampa yangeyange kipaumbele: manyoya meupe yakiungua, yaani yakipata mwanga mpaka yakapoteza alama zote, hakuna cha kurudisha, ilhali kivuli cha ngozi ya nyati kinaweza kuinuliwa baadaye ikiwa umehifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, badala ya JPEG iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa. Kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa kwenye kamera kimewekwa kwa ajili hiyo, na watu wengi humiliki kamera miaka mitatu bila kukigusa.

Tushuke sasa kwa wadogo. Milima ya Usambara ina vinyonga wenye pembe, vyura wa ukubwa wa ukucha, na yale maua ya zambarau yanayojishika kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, ambayo tangu mwishoni mwa karne ya 19 yalipopelekwa Ujerumani kutoka upande wa Tanga yamekuwa ua la dirishani dunia nzima. Hapa ile methali ya cha mvunguni ni maelekezo ya kazi: picha ya chura hupigwa ukiwa umelala kifudifudi kwenye majani mabichi, macho yako usawa wa macho yake. Ukimpiga kutoka juu umesimama, umepiga picha ya mgongo.

Tatizo la wadogo ni kina. Kila picha ina ukanda wa umbali fulani ambamo vitu vinaonekana wazi. Mbele na nyuma ya ukanda huo ni ukungu. Kwa mandhari ukanda unaweza kuanzia mita chache hadi upeo wa macho. Kadiri unavyosogea, unasinyaa. Kwa lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, mdudu anapoonekana kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi, hata ukibana tundu hadi f/11 ukanda huo una unene wa takriban milimita 1.3. Jicho la kinyonga likiwa safi, pembe yake imeshapotea. Ukipumua, umehama. Na ukijaribu kubana tundu zaidi, mwanga unaopita kwenye tundu finyu huanza kutawanyika na picha nzima inalegea. Umenyimwa pande zote mbili.

Kuna njia tatu za kutoka. Moja ni kupanga: mweke mdudu ubavu, sambamba na kamera, ili sehemu yake kubwa iangukie ndani ya ule ukanda mwembamba. Ya pili ni kupiga picha kadhaa ukisogeza ulengaji kidogokidogo na kuziunganisha kwenye kompyuta, jambo linalowezekana ikiwa mhusika hatikisiki. Alfajiri ya Lushoto, kwenye baridi, panzi na kereng'ende huwa wazito na wanavumilia. Ya tatu ni flashi, iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe au plastiki ili mwanga wake uwe laini. Flashi ya nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko shata yoyote ya kawaida, hivyo inagandisha mtetemeko wako na wa mdudu kwa pamoja.

Na hapa simu ya mkononi inalipiza kisasi. Kihisi chake ni kidogo, na kihisi kidogo kwa asili yake hutoa ukanda mpana wa wazi. Kwa ua, uyoga au konokono, mtu mwenye simu ya kawaida mara nyingi atapata picha nzuri kuliko mwenye kamera ya gharama ambaye hajaelewa kina.

Baharini mambo yanageuka juu chini. Wavuvi wa Mafia wanamjua papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekuja karibu na kisiwa hasa kati ya Oktoba na Machi. Ungedhani kiumbe wa ukubwa wa basi dogo anapigwa kutoka mbali. La. Kila mita ya maji kati yako na yeye inakula rangi, nyekundu ikitangulia, na inaongeza ukungu, tena maji ya Mafia yamejaa vijidudu ambavyo papa huyo amevifuata kuvila. Kwa hiyo samaki mkubwa kabisa anahitaji lenzi fupi kabisa, ile ya pembe pana, ili uwe karibu na bado aenee kwenye fremu. Flashi haifai: itamulika vile vijidudu na kukupa picha ya theluji, na waongozaji wenyewe hawataki umsumbue samaki.

Mlima hauna haraka, kwa hiyo nitaupita haraka: kitegemeo cha miguu mitatu, f/8 au f/11, ISO 100, na uamke mapema, kwa kuwa Kilimanjaro ukitazamwa kutoka Amboseli hujifunika mawingu asubuhi ikikua. Nyota zinafanana na mlima kwa kutokwenda mbio, lakini dunia ndiyo inayozunguka, nyuzi 15 kila saa. Gawa 500 kwa urefu wa lenzi yako na utapata sekunde ambazo unaweza kuacha shata wazi kabla nyota hazijawa michirizi: kwa milimita 24, sekunde 20 hivi, pamoja na f/2.8 na ISO 3200. Juni na Julai, usiku usio na mwezi, kitovu cha Njia ya Maziwa hupita juu sana kwenye anga letu. Wapiga picha wa kaskazini ya mbali hukiona kikiburura chini kwenye upeo.

Wapo wanyama wanaokunyima vyote kwa pamoja, na hao ndio waliozaa kamera za mtego. Mwanzo wake ni wa zamani. Mmarekani George Shiras alitega nyaya msituni ili kulungu ajipige picha mwenyewe usiku, na Julai 1906 gazeti la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Miaka hiyohiyo Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, akiwasha unga wa magnesiamu gizani ili awapate simba, na chambo chake kilikuwa punda na ng'ombe waliofungwa wakiwa hai. Picha zake zilistaajabisha Ulaya. Kwa kipimo cha leo asingekubaliwa shindano lolote la maana.

Kamera ya mtego ya sasa ina kihisi kinachogundua mabadiliko ya joto mbele yake. Mwaka 2019 Mwingereza Will Burrard-Lucas alitoa picha za chui mweusi wa Laikipia, Kenya, alizozipata kwa kamera na flashi kadhaa zilizotegwa njiani kwake. Zitazame na utaona madoa ya chui yakijitokeza ndani ya weusi. Hiyo ni kazi ya kupanga mwanga utoke ubavuni, kwa sababu ngozi nyeusi ikimulikwa kutoka mbele inameza kila kitu.

Lakini picha ninazozienzi zaidi hazina uzuri huo. Mwaka 2005 kamera ya mtego iliyowekwa na mtafiti Francesco Rovero katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, ilinasa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, mnyama wa gramu 700 hivi aliyekuwa anatembea zake humo muda wote. Kipunji, kima wa Rungwe na Ndundulu, alikwenda mbali zaidi. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja. Wanasayansi walipomwona, walimtangaza duniani mwaka 2005 kwa kutegemea picha, bila kuua hata mmoja ili awe kielelezo cha makumbusho, na jambo hilo lilizua mabishano makali. Mwaka uliofuata, baada ya kipunji mmoja kufa kwenye mtego wa mkulima na mwili wake kuchunguzwa, alihamishiwa kwenye jenasi, yaani kundi la spishi, yake peke yake. Picha ilitosha kusema yupo. Haikutosha kusema ni ndugu wa nani.

Picha hiyohiyo yenye nguvu ya ushahidi inaweza kupotosha bila kudanganya. Mwaka 2013 zilisambaa picha za Nick Brandt za ndege na popo waliokakamaa kama mawe katika ziwa Natron, na mamilioni waliamini ziwa linagandisha kila kinachogusa maji yake. Brandt mwenyewe alieleza kwamba aliwaokota wakiwa wameshakufa na kukaushwa na chumvi za magadi, kisha akawapanga kwenye matawi na juu ya maji kama walio hai. Maelezo hayakusafiri mbali kama picha. Wakati huohuo ziwa hilo ndilo mahali pakuu pa kuzaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki, jambo ambalo aliyeona zile picha tu asingelikisia.

Kisha kuna gharama anayolipa mnyama. Duma huwinda mchana, na magari yakimzunguka windo linamkimbia au fisi anajua pa kwenda. Utafiti wa Maasai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba duma jike katika maeneo yenye watalii wengi walifanikiwa kukuza, kwa wastani, watoto 0.2 kwa kila uzao, dhidi ya 2.3 kwenye maeneo yenye watalii wachache. Kanuni za Mara zinataka magari yasizidi matano pale alipo mnyama, na dereva wako anaijua kanuni hiyo vizuri. Anayemlazimisha aivunje mara nyingi ni abiria mwenye lenzi, kwa ahadi ya bahshishi nono. Mwambie mapema, kabla hamjatoka kambini, kwamba humtaki asogee zaidi, kwa sababu mkishafika pale yeye hataweza kukukatalia.

Kwa faru kuna jambo dogo la ziada. Simu na kamera nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Lizime hilo kabla ya kuingia hifadhini, na ukirudi usitaje kilima wala kijito alipokuwa, usije ukawaelekeza majangili.